Umekomea Wapi? Hesabu ya Nafsi Katikati ya Mwaka

Ufikapo mwezi wa Juni, upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu na kipupwe kikawafanya watu watafute shuka la pili usiku, barazani kwetu Mombasa husikika malalamiko ya namna moja. Huyu husema mwaka huo unakwenda zake na yeye hajafanya lolote. Yule humjibu kuwa afadhali wewe, mimi ndiye nisiyefaa kabisa. Wa tatu hutikisa kichwa, akasema umri wote umekwenda bure. Ukikaa ukawasikiliza utadhani umeingia mahakamani, ila mahakama hii ni ya ajabu: mshitaki, mshitakiwa na hakimu ni mtu mmoja, na hakuna hata mmoja anayeachiliwa.

Leo nataka kuzungumza nanyi, wasomaji wapenzi, juu ya desturi hii. Sisemi kwamba mtu asijihesabu. Wazee wetu walitwambia kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na umri ndiyo mali isiyonunulika tena ikishatumika. Nisemalo ni kwamba kuhesabu ni kazi moja na kutukana ni kazi nyingine, na wengi wetu katikati ya mwaka twaifanya ile ya pili tukidhani ni ile ya kwanza. Tena madhara yake si madogo, kama nitakavyoeleza.

Alfajiri mia na nne

Yuko kijana mmoja dereva wa tuktuk ambaye hupenda kunipitia jioni tukazungumza. Usiku wa mwisho wa mwezi wa Desemba aliandika katika simu yake mambo ambayo angeyatimiza mwaka huu: kusali Alfajiri msikitini kila siku, kuacha miraa, kuhifadhi Juzuu Tabaraka, kuweka akiba ya mahari, na kumlipa mjomba wake deni alilomkopa aliponunua tuktuk ile. Mambo matano, na yote ya kheri.

Juzi juzi alinijia uso umemshuka. "Ami," aliniambia, "mimi bure kabisa. Hakuna hata moja nililolitimiza. Nimeamua kuyaacha yote, mwakani panapo majaaliwa nianze upya."

Sikumjibu kwa waadhi. Nilimuuliza swali ambalo sisi tuliopitia chuoni tulilisikia kila asubuhi kwa mwalimu, tulipokaa mkekani na mbao zetu mapajani: "Umekomea wapi?" Bakora ilikuwako, sisemi kwamba haikuwako. Lakini somo halikuanza kwa bakora, lilianza kwa swali hilo. Mwalimu hakumuuliza mtoto aliye katika Juzuu Amma kwa nini hajafika Suratul Baqara. Alimuuliza alikomea aya gani, akamdurusisha ya jana, kisha akampa ya leo. Kwa njia hiyo watoto wasio na idadi wa pwani hii walizimaliza juzuu 30, wengi wao wakiwa si hodari hata kidogo.

Basi nikamuuliza: mwanangu, katika Alfajiri umekomea wapi? Akasema siku nyingine hulala, lakini kwa kawaida siku nne katika wiki huwa msikitini. Na miraa? Zamani ilikuwa kila siku, sasa ni Alhamisi usiku peke yake. Na Juzuu Tabaraka? Amehifadhi Suratul Mulk yote, akasimama hapo. Akiba hana. Deni la mjomba halijaguswa.

Nikachukua kalamu. Nusu ya mwaka ni wiki 26. Siku nne kila wiki ni Alfajiri 104 katika jamaa, na sote twajua kutokana na hadithi sahihi kwamba sala ya jamaa inaipita sala ya mtu peke yake kwa daraja 27. Hizo 104 ndizo alizoziita bure kabisa. Hizo ndizo alizotaka kuziacha, pamoja na Suratul Mulk yenye aya 30, kwa sababu ya zile siku tatu za wiki alizolala.

Hapo ndipo ilipo hatari yenyewe. Mtu anayejitukana hupoteza alichokikosa, kisha hukitupa na alichokipata. Tena tazameni lile neno "mwakani nianze upya". Laonekana ni neno la mtu mkali kwa nafsi yake, kumbe ndani yake mna likizo ya miezi sita. Akishajiita hafai, ni nani atakayemtaka aamke kesho? Asiyefaa hadaiwi kitu. Ukali huo ndio uliompa ruhusa ya kulala.

Mtaji kwanza, faida baadaye

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111 kwao Tus, ametuachia Ihyaau Ulumid-Din, kitabu kikubwa chenye vitabu 40 ndani yake. Cha 38 kinahusu muraqaba na muhasaba, yaani kuichunga nafsi na kuihesabu. Mfano alioutumia humo watu wa pwani twaufahamu bila ya kufafanuliwa, kwa kuwa ni mfano wa biashara. Mtu na nafsi yake ni kama mfanyabiashara na mshirika wake aliyempa mali akafanye kazi. Kwanza huwekeana masharti, kisha humwangalia, kisha hukaa naye kitako wakapiga hesabu. Katika hesabu hiyo faradhi ndizo mtaji, sunna ndizo faida, na madhambi ndiyo hasara.

Utaratibu huo una hekima kubwa. Mwenye duka anapofunga hesabu hatangulizi kulilia faida ambayo hakuipata. Hutazama kwanza mtaji: je, upo? Ukiwa upo, duka lingali duka, hata kama mwaka ulikuwa mgumu. Ukiwa umepungua, hutafuta palipovujia. Wala sijapata kumwona mfanyabiashara mwenye akili akilitia moto duka lake kwa sababu mwezi wa Juni haukuwa na wateja.

Lakini maazimio ya siku hizi kwa kawaida huandikwa kinyume chake. Mtu huorodhesha faida tupu: nitapunguza uzito, nitajenga, nitanunua gari, nitasoma vitabu kadha wa kadha. Mtaji hauandikwi. Haandiki kwamba anasali, kwamba watoto wamekula, kwamba mamaye mgonjwa amehudumiwa bila ya manung'uniko. Katikati ya mwaka ukifika husoma orodha ile, akaona hana kitu, ilhali mtaji wake wote umo mkononi.

Namfikiria mama auzaye mahamri na mbaazi alfajiri. Mwezi wa Januari alijiandikisha darasa ya akina mama ili ajue kusoma Kurani kwa tajwidi, na mpaka leo yumo katika herufi na makharija yake, wenziwe wamempita. Miezi hiyo sita amelipa karo ya watoto, amemuuguza mumewe, wala hakukosa zamu yake ya mchezo hata mara moja. Ni nani atakayemwambia mama huyu kwamba nusu ya mwaka wake imepotea? Naogopa kuwa atakayemwambia ni yeye mwenyewe, usiku, taa ikishazimwa.

Mtume na waliojikalifisha

Ukirudi katika mwenendo wa Mtume wetu (S.A.W.) utaona kwamba jambo hili halikumpita. Imepokewa kwa Bibi Aisha, katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume alikataza mtu kusema nafsi yake imekuwa chafu, akaelekeza atumie neno jingine la Kiarabu lenye maana ya nafsi iliyotaabika au iliyolemewa. Hali ya mtu ni ile ile, lililobadilishwa ni neno tu. Sisi tunaoshughulika na lugha twajua kwamba hilo si jambo dogo. Ukiita kitu uchafu utakitupa, na ukikiita mzigo utatafuta namna ya kuutua.

Hanzala naye, aliyekuwa katika waandishi wa Mtume, alitoka siku moja akijiita mnafiki, kwa kuwa akikaa mbele ya Mtume huiona Pepo na Moto kama kwa macho yake, na akirejea kwa mke, watoto na mali husahau mengi. Sayyidna Abubakar akamwambia kwamba hata yeye hupatwa na hayo. Wakaenda wote wawili. Mtume hakumfukuza wala hakuithibitisha ile sifa aliyojipa. Alimfahamisha kwamba lau wangedumu katika hali ile ya kwanza, malaika wangepeana nao mikono vitandani na njiani, lakini mambo ni saa hii na saa hii.

Na kisa cha Abdallah bin Amr kingetosha peke yake. Kijana huyu alikuwa akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume akamkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake, jicho lake lina haki, mkewe ana haki na mgeni wake ana haki. Akamtaka afunge siku tatu kila mwezi. Abdallah akaomba zaidi na zaidi, mpaka akafikia saumu ya Nabii Daud, siku hii na siku hii. Alipozeeka, nguvu zikapungua naye hataki kuacha alilolizoea, akawa anatamani lau angeikubali ile rukhsa ya mwanzo. Ni hadithi mashuhuri pia kuwa amali apendazo zaidi Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache.

Mchelea mwana kulia

Najua kuna watakaonipinga, na wana haki. Watasema: wewe unawabembeleza watu, nao wazee wamesema mchelea mwana kulia hulia yeye. Watasema Mwenyezi Mungu katika Suratul Qiyama ameapa kwa nafsi yenye kulaumu, na katika Suratul Hashr ametuamrisha kila nafsi itazame iliyoyatanguliza kwa ajili ya kesho. Watasema Imamu Ghazali huyo huyo, baada ya muhasaba, ametaja kuiadhibu nafsi na kuikaripia.

Yote hayo ni kweli. Lakini hebu tutazame vizuri. Wanavyuoni wetu hutaja hali tatu za nafsi kwa kufuata Kurani: iamrishayo maovu, katika Suratu Yusuf, yenye kulaumu, katika Suratul Qiyama, na iliyotulia, katika Suratul Fajr. Ile yenye kulaumu iko katikati. Ni kituo cha njiani, nacho ni kituo cha kheri kwa anayekipita kwenda mbele, lakini mtu hajengi nyumba kituoni. Lawama ya kweli humwamsha mtu akatawadha. Lawama inayomlaza kitandani akijiona hana maana ni kitu kingine, nacho kina jina: ni kukata tamaa. Na katika Suratuz Zumar walioambiwa wasikate tamaa na rehema ya Mola wao ni wale wale waliozidhulumu nafsi zao.

Kuhusu adhabu, Imamu ameiweka baada ya kumwekea mshirika masharti, kumwangalia na kumhesabu. Sisi twaanzia kwenye fimbo, na hesabu yenyewe hatujaipiga.

Mwaka una milango mingi

Jambo jingine linalotukaza roho ni kudhani kwamba mwaka una mlango mmoja tu, tarehe 1 Januari, na aliyeukosa atangoja mpaka ufunguliwe tena. Januari ni mwezi uliopewa jina la Janus, mungu wa Warumi wa kale aliyechorwa na nyuso mbili, na kalenda yake sote twaitumia kwa kazi na mishahara. Lakini watu wa pwani hatukuwa maskini wa milango.

Tunao Muharram, unaofungua mwaka wa Hijra kwa hesabu iliyowekwa zama za ukhalifa wa Sayyidna Umar. Majumbani mwetu tena kuna hesabu nyingine, ambayo vijana wengi wameanza kuisahau: Ramadhani ikiisha huingia Mfunguo Mosi, kisha Mfunguo Pili, mpaka Mfunguo Tisa, halafu Rajabu, Shaabani, na Ramadhani tena. Sasa hesabuni wenyewe mwezi wa sita katika mpango huo. Ni Mfunguo Sita, ndio Rabiul Awwal, mwezi wa Maulidi. Na huko Lamu, katika Msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1935, Maulidi makubwa huwa katika siku za mwisho za mwezi huo, mahali hasa ambapo nusu ya kwanza ya mwaka inakutana na nusu ya pili. Kwa hesabu ya bibi zetu, basi, katikati ya mwaka ni wakati wa kumsalia Mtume kwa pamoja, kuoga, kutia manukato na kula pilau na jirani. Anayetoka hapo hutoka na moyo mwepesi, na moyo mwepesi ndio uwezao kupiga hesabu bila ya hofu.

Kisha mabaharia na wakulima walikuwa na mwaka wa jua, wa siku 365, waliouhesabu kwa miongo, kila mwongo siku kumi: miongo 36 na siku tano juu yake. Mwaka huo hufunguliwa kwa Nairuzi. Makunduchi, kusini ya Unguja, siku hiyo ndiyo iitwayo Mwaka Kogwa, nayo huwa katika mwezi wa Julai. Wanaume hupigana kwa migomba ili vinyongo vya mwaka viishie pale uwanjani. Wako wanavyuoni wasioyaridhia baadhi ya mambo yafanywayo huko, na hayo sitayaingilia leo. Ninalotaka mlione ni kwamba wakati huu ambao sisi twauita nusu ya mwaka iliyopotea, kwa wazee wale ulikuwa ni mwaka mpya.

Na pwani kwenyewe kusi ilifanya nini? Bahari inapochafuka, katika Juni na Julai, vyombo vilipandishwa mchangani. Fundi alikilaza chombo ubavu, akakwangua koa na majani yaliyoshika chini, akakalafati kwa pamba palipoachana, akapaka deheni chini na sifa juu. Hakuna aliyesema chombo kimekosa safari. Ule ndio uliokuwa wakati wake wa kutengenezwa. Wala fundi hakukitukana chombo kwa kuwa kinavuja. Alitaka kujua ubao gani.

Namna ya kuipiga hesabu

Basi kwa anayetaka, achague usiku mmoja, na ukiwa wa kuamkia Ijumaa ni bora. Asali Isha, akae peke yake na karatasi, simu aiweke mbali. Ajiulize mambo manne.

La kwanza: mtaji wangu uko wapi? Aandike yote yaliyosimama, madogo na makubwa, na kila moja alishukurie. La pili: palivuja wapi, na kwa sababu gani? Aandike sababu, asiandike sifa. "Nalala saa saba za usiku kwa ajili ya mpira" ni sababu, na yaweza kuzibwa. "Mimi mvivu" ni tusi, nalo halizibiki.

La tatu: nani ananidai? Na hapa, ndugu zangu, mniwie radhi, upole nilioutaja hauingii. Nafsi yako unaweza kuipa muhula, lakini haki ya mtu si yako hata uitolee muhula. Mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani, deni la dukani, urithi wa dada uliokaliwa, neno lililomuumiza mzazi: hayo hayangoji nusu ya pili ya mwaka. Yule kijana wangu nilimwambia aende kwa mjomba wake hata kwa mkono mtupu, amweleze. Alikwenda. Wamekubaliana alipe kidogo kidogo kila Ijumaa.

La nne: nichukue jambo gani moja? Moja tu, dogo, ambalo hata siku mbaya ataliweza. Kijana amechagua siku ya tano ya Alfajiri. Hakuchagua saba. Alitaka kuchagua saba, nikamsimulia kisa cha Abdallah bin Amr.

Nami kwa kuwa ada yangu ni kutia beti panapokolea maneno, nawaachia hizi mbili:

Nusu mwaka imengia, nafusi tukae chini,
Si vita nakujilia, wala sikuweki duni,
Hesabu twaangalia, ya faida na ya deni,
Njia iliyobakia, tuifwate kwa amani.

Chombo kilichovujia, hakitupwi baharini,
Fundi hukipandishia, pwani pale kivulini,
Tundu akazizibia, kwa pamba na kwa deheni,
Kusi ikishatulia, hurejea safarini.

Siku zilizobaki za mwaka ni nyingi kuliko tunavyodhani tunapokuwa na hasira, na ni chache kuliko tunavyodhani tunapotaka kungoja mwakani. Aliyekomea Suratul Mulk inayofuata ni Suratul Qalam, na aya yake ya kwanza ni fupi. Na aanze nayo.